UZI: Msaada wa serikali kwenda eneo la vita. Lori likishavuka mpaka, nini kinafuata?

#1 · MzaniMpemba

Kamwene wakuu. Wa Rungwe na Kyela, ugonile.

Serikali yoyote ikitangaza msaada kwa raia walioko vitani, mjadala wetu huishia kwenye picha: semi zimepangwa mstari, turubai jipya, bango ubavuni, kiongozi kashika bendera. Baada ya hapo kimya. Huu uzi tuuanzie pale picha inapoishia. Mfano tuuchukue mashariki mwa Congo, maana mahindi ya Makambako na Sumbawanga yanaweza kufika huko, na watu wa huko tunaongea nao lugha moja.

Hoja yangu: tani zilizotoka si kipimo. Orodha ya msaada inatakiwa ianzie kwenye zahanati ya mwisho kabisa, irudi nyuma hadi ghalani. Wengi tunafanya kinyume. Tunaangalia ghalani kuna nini, tunapakia, halafu tunatafuta wa kupokea. Bosnia kati ya 1992 na 1996 ilipokea dawa za msaada zinazokadiriwa kuwa kati ya tani 27,800 na 34,800. Takribani tani 17,000 hazikufaa: zilizokwisha muda, zisizo na lebo ya kueleweka, za magonjwa ambayo hospitali zile hazikuwa nayo. Hospitali yenye majeruhi ikageuzwa dampo, tena dampo la kulipia, kwa sababu dawa mbovu haitupwi shimoni hivi hivi.

Wanaojua forodha, maghala, famasia na wodi, shusheni nondo. Siasa za nani ana haki kwenye ile vita tuziache kwenye nyuzi nyingine.

#2 · KaraniForodha

Naanza na karatasi, maana lori hufia kwenye karatasi kabla ya kufia barabarani.

Huku kwetu: ankara yenye thamani hata kama ni zawadi (sifuri haikubaliki, forodha inataka thamani ya kumbukumbu), orodha ya mzigo kwa kila gari, barua ya msaada inayomtaja anayepokea kwa jina la taasisi, cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA kwa nafaka, kibali cha TMDA kwa dawa na vifaa tiba. Kisha lakiri kwenye turubai, na namba ya lakiri iandikwe kwenye hati ya usafirishaji. Wanasahau hilo kila siku.

Upande wa Congo: msamaha wa kodi unapitia forodha yao, DGDA, na ukaguzi wa bidhaa ni OCC. Nyaraka ziwe na tafsiri ya Kifaransa. Msamaha uombwe na ukamilike kabla gari halijawashwa injini. Ukisema "tutaumalizia mpakani", dereva atalala chini ya trela wiki mbili, na gharama za kusubiri zitakula bajeti ya mafuta ya kurudi.

Sasa ugumu wenyewe. Mzigo ukielekea eneo ambalo serikali ya Kinshasa haidhibiti, karatasi ya Kinshasa haifungui kizuizi cha waasi, na karatasi ya waasi haina maana Kinshasa. Unahitaji ridhaa ya serikali na uhakika wa kupita kutoka kwa anayeshikilia barabara. Watu huogopa kwamba kuongea na kundi lenye silaha ni kulitambua. Ibara ya 3 ya pamoja ya Mikataba ya Geneva ya 1949 ilishalimaliza hilo: kutekeleza masharti yake hakubadilishi hadhi ya kisheria ya upande wowote.

#3 · ReliYaUhuru

Kwa nini tusipakie TAZARA tu pale Iyunga? Bei nafuu, tani nyingi kwa mkupuo.

#4 · KaraniForodha

Mkuu, TAZARA inakufikisha Kapiri Mposhi, Zambia. Ukitoka hapo bado una Kasumbalesa na Lubumbashi, na Lubumbashi kwenda Kivu kwa barabara ni safari ya kumlaani aliyekutuma. Reli hiyo na njia ya Tunduma–Nakonde zinafaa mzigo wa Katanga.

Kwa mkoa wa Tanganyika wa kule Congo na Kivu Kusini tumia ziwa. Kigoma ndiyo bandari iliyozoeleka. Kwa mzigo wa kanda yetu ipo Kasanga: Mbeya, Tunduma, Sumbawanga, Matai, Kasanga, lami tupu, halafu meli hadi Moba au Kalemie. Kabla hujaifurahia, uliza vitu viwili: meli ina kreni yake au mnategemea mabega ya kuli, na upande wa pili kuna ghala lenye paa? Nafaka ikishushwa ufukweni msimu wa mvua bila chaga za mbao, nusu yake utaiuzia wenye nguruwe.

#5 · GhalaMakambako

Niingie kwenye chakula, kwa hesabu.

Mgao kamili wa mtu mmoja kwa siku unalenga kilokalori 2,100. Mchanganyiko wa kawaida: nafaka gramu 400, maharage au dengu gramu 60, mafuta ya kula gramu 25 yaliyoongezwa vitamini A, unga lishe gramu 50, sukari gramu 15, chumvi ya madini joto gramu 5. Chukua watu 10,000 kwa siku 30:

nafaka tani 120, maharage tani 18, mafuta tani 7.5, unga lishe tani 15, sukari tani 4.5, chumvi tani 1.5. Jumla tani 166.5, sawa na semi sita za tani 28.

Angalia vizuri. Tukipeleka "tani 120 za mahindi" peke yake tumepeleka njaa yenye tumbo lililojaa. Bila mafuta na kunde, mtoto wa miaka miwili ataendelea kuporomoka huku tumboni kuna ugali.

Magunia yawe ya kilo 50, yawe mapya, yashonwe kwa mashine. Lumbesa marufuku. Anayepokea ni mama mwenye mtoto mgongoni, atatembea kilomita kadhaa, na kwenye foleni lazima kila gunia liwe sawa na jenzake ili kugawa kwa kuhesabu, si kwa kupima. Kupima kwa bakuli ndiko ngumi zinakoanzia.

Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Sumukuvu yote isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile ya B1 isizidi 5. Hicho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki. Pima kabla ya kupakia, kwa sampuli za magunia ya juu, ya kati na ya chini. Mzigo ukikataliwa ng'ambo, hakuna wa kuurudisha.

Dumuzi, yule mnayemwita skania: ukifukiza kwa vidonge vya fosfini, fukiza ghalani chini ya turubai, acha siku zinazotakiwa, pitisha hewa, ndipo upakie. Kuna wajanja wanaoweka vidonge ndani ya lori ili "vifanye kazi safarini". Ile gesi inaua. Tingo akilala juu ya magunia usiku ule, asubuhi haamki.

#6 · MamaDona

Nauliza: tupeleke punje au unga? Na kama ni unga, dona si ndiyo yenye lishe?

#7 · GhalaMakambako

Dona ina lishe lakini haina subira. Kiini kimebaki humo na mafuta yake, kwa hiyo unga unapata uchungu mapema, hasa ukikaa juani kwenye kontena. Ukiwa na uhakika wa kugawa ndani ya wiki chache, sawa. Vinginevyo peleka sembe iliyoongezwa virutubishi.

Punje hukaa muda mrefu, lakini uliza kwanza: mashine ya kusaga ipo, na dizeli ya kuiendesha ipo? Kama watu watasaga kwa kulipa, wataacha sehemu ya mgao kwa mwenye mashine. Ndiyo maana mgao wa punje huongezwa asilimia 10 hadi 20 kufidia kusaga.

Na maharage. Watu wa Njombe na Makete mnajua: juu milimani maharage hayaivi haraka, na yaliyokaa misimu miwili ghalani hayaivi kabisa. Goma iko karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, si mbali sana na Iringa. Maharage ya zamani yanamaanisha kuni nyingi zaidi, na kuni zaidi zinamaanisha wanawake na mabinti kuingia porini mara nyingi zaidi, porini ambako wapiganaji wapo. Peleka maharage ya msimu huu, au dengu zilizopasuliwa. Uamuzi wa ghalani unaishia kwenye usalama wa binti wa watu.

#8 · MkulimaVwawa

Nisikilizeni na mimi. Mkianza kununua mahindi kwa ajili ya msaada, bei Songwe inapanda, mtumishi wa mjini analia. Mkitoa bure huko, mkulima wa Congo aliyebaki na shamba anakosa soko. Mbona hilo hamlisemi?

#9 · GhalaMakambako

Umegonga penyewe. Mgao wa watu 10,000 hautikisi soko la Mbozi. Mamia ya maelfu ya watu utalitikisa, ndiyo maana ununuzi ufanyike kati ya Juni na Agosti mavuno yakiwa mengi, au utoke kwenye akiba ya chakula ya taifa, NFRA, si Januari au Februari wakati nyumba nyingi zinaishi kwa kununua.

Kuhusu mkulima wa Congo: mahali ambapo soko bado linafanya kazi, fedha kwa simu ni bora kuliko gunia. Ila fedha inahitaji wakala mwenye salio na benki iliyo wazi. Goma ilipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 benki zilifungwa na uwanja wa ndege ukafungwa. Hapo unarudi kwenye gunia.

#10 · MfamasiaKanda

Zamu ya dawa, na nitachukua nafasi kidogo.

Kanuni za Shirika la Afya Duniani kuhusu dawa za msaada ni fupi: ziwe zimeombwa na mpokeaji, ziwe kwenye orodha yake ya dawa muhimu, zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, ziandikwe jina halisi la dawa kwa lugha anayoisoma mtoa huduma wa huko. Congo hiyo ni Kifaransa. Kiswahili tumieni kwenye maelekezo ya mgonjwa, kwa sababu Goma na Bukavu wanakielewa, ila mfamasia wao amesoma kwa Kifaransa.

Aliyeomba ni nani? Congo imegawanywa katika kanda za afya 519, kila moja ina daktari mkuu wake. Huyo ndiye anayejua kituo kipi kina nesi na kipi kimebaki kuta. Orodha isiyopita kwake ni ya kubahatisha.

Kama hakuna muda wa kuuliza kwa undani, anza na kifurushi cha dharura cha kimataifa cha afya. Kinahudumia watu 10,000 kwa miezi mitatu, na chote kina uzito unaokaribia tani moja. Ndani kuna vifurushi vidogo vya msingi, kila kimoja kwa watu 1,000, ambavyo nesi wa zahanati anaweza kuvitumia bila daktari, na sehemu ya nyongeza kwa ajili ya kituo chenye daktari. Kosa la kawaida ni kupeleka sehemu ya nyongeza kwenye zahanati ya nesi mmoja: dawa za ganzi zinakaa kabatini, kuhara kunaua nje.

Kifurushi hicho hakina chanjo, hakina dawa za TB, na mgonjwa wa kisukari au mwenye kutumia ARV hakimwangalii kwa muda mrefu. Vita haisimamishi kisukari. Hao waandikiwe orodha yao.

Mofini, diazepamu, fenobabito: hizi zinadhibitiwa kimataifa. Zinahitaji kibali cha kuingiza kutoka nchi inayopokea na kibali cha kutoa kutoka huku. Ukizichanganya kwenye sanduku moja na paracetamol bila vibali, sanduku zima linazuiwa, na mara nyingine lori zima. Zifungashe peke yake, na hati zake peke yake. Zikikwama, zikwame zenyewe.

#11 · BaridiKitulo

Naongezea mnyororo wa baridi, maana wengi wanaogopa joto tu.

Chanjo nyingi hukaa nyuzi 2 hadi 8. Sasa fikiria sanduku limepakiwa Mbeya mwezi Julai, barafu zimetoka kwenye friza moja kwa moja, zimebanwa ubavuni mwa vichupa, na lori limelala njiani kwenye baridi la usiku. Chanjo ya pentavalenti, ya pepopunda na ya homa ya ini B zikiganda zimekufa. Ukiziyeyusha zinaonekana nzima, zinachomwa kama kawaida, mtoto hapati kinga. Na insulini nayo haitakiwi kuganda.

Chupa bapa za barafu zitoe kwenye friza, ziache mezani hadi zitoe jasho. Tikisa moja karibu na sikio: ukisikia maji yanacheza ndani, ndiyo ziko tayari kuingia kwenye sanduku la baridi. Ukisikia kimya, ngoja.

Ukishuku kuganda, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa cha toleo lile lile, kigandishe makusudi, kiyeyushe. Kitikise pamoja na unachokishuku, uviweke mezani sambamba. Unachokishuku kikituama haraka kama kile ulichokigandisha, usikitumie. Na alama ya VVM kwenye kichupa, ile inayobadilika rangi kwa joto: mraba wa ndani ukifikia rangi ya duara la nje, au ukiwa mweusi zaidi, chanjo imeharibiwa na joto. Ila VVM haikwambii chochote kuhusu kuganda. Hapo ndipo watu wanapigwa chenga.

#12 · NesiIgurusi

Mimi nakaa upande wa wodi. Mambo yanayoamua kama msaada umefika kweli:

Utapiamlo. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya milimita 115 ni mkali. 115 hadi chini ya 125 ni wa kadiri. Mtoto mwenye utapiamlo mkali asiye na matatizo mengine, na mwenye hamu ya kula, anatibiwa nyumbani kwa chakula dawa, pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500. Katoni moja ina pakiti 150, na kwa makadirio mtoto mmoja humaliza katoni moja hadi apone. Watoto 500 ni katoni 500, karibu tani 7. Katoni hizo zinauzika sokoni, kwa hiyo pakiti tupu zirudishwe kliniki kabla ya kutoa nyingine.

Kipindupindu. Mgonjwa aliyekaukiwa sana anahitaji dripu ya Ringer mililita 100 kwa kila kilo. Mtu mzima wa kilo 60 ni lita 6: mililita 30 kwa kilo ndani ya nusu saa ya kwanza, 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto chini ya mwaka mmoja kiasi ni kile kile, ila kwa saa moja, kisha saa tano. Piga hesabu ya lori: wagonjwa 100 wa aina hiyo ni lita 600, zaidi ya nusu tani ya maji kwenye plastiki. Pakiti ya ORS, unga wa chumvichumvi wa kuchanganya na maji ya kunywa, ya lita moja ina gramu 20 na kidogo. Pakiti 1,000 ni kilo 20, bodaboda anazibeba. Vituo vidogo vya kunywesha ORS vikifunguliwa mapema mitaani, wachache wanafika kwenye dripu. Wanaopanga msaada hupenda dripu kwa sababu inaonekana kama tiba.

Klorini ya kuua vimelea, HTH ya asilimia 70: gramu 7 kwa lita moja inakupa mchanganyiko wa asilimia 0.5. Isisafiri na dawa, isisafiri na mafuta. Ikivuja inakula vyuma na inaweza kuwasha moto.

Ubakaji. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Kwa hiyo dawa hizo zikae kwenye zahanati ya kijijini, si hospitali ya mkoa iliyo nyuma ya vizuizi vinne. Na chumba chenye mlango unaofungwa, jamani. Turubai haina siri.

Jeraha la risasi au bomu: safisha, kata nyama iliyokufa, acha wazi, kinga ya pepopunda, penisilini. Shona baada ya siku nne au tano. Anayeshona siku ya kwanza ili "kumaliza" anafungia uozo ndani. Vifaa vya upasuaji pelekeni mahali palipo na mpasuaji, mtu wa ganzi, na damu iliyopimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Kimoja kikikosekana, vifaa hivyo ni mapambo.

#13 · FundiJenereta

Hamjagusa mafuta. Jenereta ya kVA 20 ikibeba mzigo wa kawaida inakula kama lita 4 kwa saa. Saa 24 ni lita 96, mwezi ni takriban lita 2,900, mapipa 15. Ukipanga upasuaji, kuchaji na kusukuma maji viangukie saa 8 tu kwa siku, unashuka hadi mapipa 5. Majokofu ya chanjo yawe ya sola yasiyotegemea betri. Mafuta ndiyo kitu cha kwanza kuporwa, kwa sababu mpiganaji hawezi kutumia chanjo ya surua lakini pikipiki yake inakunywa dizeli na petroli kama ya daktari. Yapelekwe kidogo kidogo, mara nyingi.

#14 · MzaniMpemba

Hiyo ya kidogo kidogo ihusu na chakula. Februari 2025 maghala ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani yaliporwa Bukavu, na shirika lilisema kilichopotea ni kama tani 7,000 za chakula. Katika eneo ambalo mstari wa mapigano unasogea, ghala kubwa moja ni shabaha. Afadhali maghala madogo matano yenye chakula cha wiki mbili mbili, hata kama nauli inapanda.

#15 · AskariMstaafu

Wakuu mnazunguka. Suluhisho ni kusindikizwa na jeshi. Malawi Machi 2023, kimbunga Freddy, Tanzania ilipeleka misaada na helikopta za jeshi, na kila kitu kilifika.

#16 · SheriaMafinga

Shikamoo mzee. Malawi yalikuwa mafuriko. Hakuna aliyekuwa akipigana, na mwenyeji alitaka msaada. Vitani, miongozo ya Umoja wa Mataifa inaweka vyombo vya kijeshi kuwa njia ya mwisho, pale ambapo hakuna njia ya kiraia.

Na kwa Congo kuna jambo letu mahususi, tuliseme bila kuona haya. Tanzania ilikuwa na wanajeshi kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa na azimio 2098 la Machi 2013, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na kundi la waasi la M23 lilishindwa mwaka ule ule. Kisha ikaja misheni ya SADC, Desemba 2023 hadi ilipofungwa Machi 2025. Lori la serikali yetu lenye bendera na askari mbele, likifika kizuizi cha M23, halitaonekana kama lori la unga. Dereva wetu anaweza kulipia sera ambayo hakuipiga kura. Kwa eneo hilo njia sahihi ni kutoa mzigo au fedha kwa Shirika la Mpango wa Chakula, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu au wengine wanaoongea na pande zote, na kukubali kwamba bango letu halitaonekana.

Msalaba mwekundu nao usichorwe kwenye lori kwa kuwa limebeba dawa. Ni alama inayolindwa kisheria, si pambo la duka la dawa. Kila inapotumiwa ovyo, inapungua nguvu pale inapohitajika kusimamisha risasi.

#17 · AskariMstaafu

Marahaba. Hilo la brigedi sikulipima hivyo. Ila hospitali itajulikanaje kwa ndege na mizinga bila kusindikizwa?

#18 · SheriaMafinga

Kwa kutoa taarifa ya mahali. Unapeleka kwa pande zote orodha ya hospitali, maghala, na misafara: namba za magari, njia, siku, saa ya kutoka na kufika, namba ya simu ya kiongozi wa msafara. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada, OCHA, mara nyingi ndiyo inayoibeba orodha hiyo.

Taarifa si ngao. Oktoba 3, 2015 hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka huko Kunduz, Afghanistan, ilishambuliwa na ndege ya Marekani ilhali mahali pake palishatolewa taarifa. Walikufa watu 42. Mei 2016 Baraza la Usalama likapitisha azimio 2286 kuhusu kulinda huduma za afya vitani, na bado hospitali zinapigwa. Lakini bila taarifa huna hata pa kushitakia.

#19 · RamaniUyole

Na taarifa yenyewe mara nyingi imekosewa kwa mkono wa karani. Chukua mfano. Goma iko karibu digrii 1 dakika 40 kusini. Karani anaandika 1.40. Mfumo unasoma desimali: digrii 1.40 ni digrii 1 na dakika 24. Tofauti ni dakika 16, na dakika moja ya latitudo ni kilomita 1.85. Umeisogeza hospitali karibu kilomita 30 kaskazini, umelinda pori, na paa lenye wagonjwa halipo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Sahihi kwa desimali ni kama −1.67. Alama ya kutoa isidondoke, maana tuko kusini mwa ikweta. Ikidondoka hospitali inahamia kaskazini ya ikweta. Andikeni mfumo mmoja tu kwenye jedwali zima, tarakimu tano baada ya nukta, na mtu wa pili aiweke kila nukta kwenye picha ya setilaiti aone kama kweli kuna paa. Kituo kikihama, taarifa mpya siku hiyo hiyo, na ya zamani ifutwe kwa maandishi.

#20 · KaraniForodha

Nimalizie na vizuizi na mahesabu. Barabara za Kivu zina vizuizi vingi, kila kimoja na "kodi" yake. Mwenye mzigo wa msaada akilipa kimoja, bei ya wote wanaofuata imeshapangwa. Dereva asiachwe ajadiliane peke yake na asipewe fedha taslimu ya "dharura". Apewe barua ya kupita na namba ya kupiga, na amri ya kugeuza gari ikishindikana. Kugeuza si aibu.

Wakati wa kupokea: hesabu magunia kabla ya kukata lakiri ya gari linalofuata. Andika yaliyopungua, yaliyochanika, yaliyolowa, kila aina na mstari wake, pande mbili wasaini. Dawa zihesabiwe kwa toleo na tarehe ya kuisha, si kwa katoni. Baada ya wiki mbili au tatu, mtu asiyehusika na ugawaji apite kwenye kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu aulize: mlipata nini, kilo ngapi, mmeuza nini na kwa nini. Wakikwambia wameuza maharage kununua chumvi na sabuni, usiwafute kwenye orodha. Rekebisha orodha.

#21 · MzaniMpemba

Nimeandika upya rasimu yangu ya orodha ya msaada kutokana na michango: mahindi nimepunguza, mafuta na dengu nimeongeza, dripu nusu imegeuka ORS, dawa zinazodhibitiwa zina sanduku lake. Safu ya kwanza ya jedwali sasa ni jina la kituo cha afya na idadi ya watoa huduma waliobaki, ghala limeenda safu ya mwisho. RamaniUyole, nakutumia nukta za mahali uzipitie kabla sijaziweka. Kuna mbili zina tarakimu mbili tu baada ya nukta.